Kumbatia, pambaja, pakata: namna ya kuchagua neno mikono inapokutana

Kazi yangu ni kuwapa Kiswahili watu wasiokijua. Tamthilia inakuja kutoka Uturuki, Ufilipino au India, mimi napewa picha na maandishi, nakaa chini naandika watakachosema waigizaji wa sauti wakiingia kwenye kibanda cha kurekodia. Na kwenye tamthilia hizo, jamani, watu wanakumbatiana! Wanakumbatiana wakiagana asubuhi, wanakumbatiana wakirudi jioni, wanakumbatiana jikoni sufuria iko motoni. Basi maneno ya kukumbatiana yamenipitia mkononi mpaka nimezijua tabia zake, na hapa nayaeleza kwa yeyote anayeandika hadithi, anayetafsiri, anayeandika habari, au anayetaka tu kumwandikia mtu wake ujumbe usionuka tafsiri.

Anza hivi: kabla hujalitafuta neno, itazame mikono. Ni mikono ya nani inayotangulia, inamfikia nani, inaishia sehemu gani ya mwili, na yule wa pili mikono yake iko wapi. Ukishayaona hayo, neno huja lenyewe. Ukianza na neno, utajikuta unaandika "alimkumbatia" kila ukurasa, mama kwa mtoto, askari kwa askari, mchumba kwa mchumba, na msomaji hataona mtu hata mmoja.

Kumbatia na ndugu zake

Kumbatia ndilo neno la watu wote na halina ubaya wowote. Ila lina upande. "Mama alimkumbatia mtoto": tumeambiwa habari za mikono ya mama tu. Mtoto huenda kalala, huenda kanuna. Ukitaka mikono minne ifanye kazi, sema kumbatiana.

Tofauti hiyo ya silabi moja inaweza kubeba tukio zima. Kulikuwa na kipindi kimoja ambacho ndugu wawili walikuwa wamegombea shamba la marehemu baba yao. Kaka mtu anaingia uani, anapanua mikono, anamvuta mdogo wake kifuani. Mdogo mtu kasimama wima, mikono imening'inia, macho yako getini. Muhtasari ulioandaliwa kwa ajili ya matangazo ukasema "ndugu hao wakakumbatiana". Wapi! Kaka alimkumbatia mdogo wake, mdogo akakumbatiwa, na ugomvi wote wa vipindi vilivyofuata ulikaa ndani ya ile "-ana" ambayo haikutokea. Nikaufuta nikaandika: "Kaka mtu akamkumbatia, mdogo mtu akaacha tu akumbatiwe."

Kuna na njia ya katikati: "Alikumbatiana na mjomba wake." Hapa wote wawili wameshiriki, lakini jicho letu limebaki kwa mmoja, yule tunayemfuata katika hadithi. Inafaa sana pale mtu anaposalimia ukumbi mzima na hutaki kila shangazi awe mhusika. Na ukimwona mtu mzima anawapatanisha watoto waliopigana, anawasukuma mmoja kwa mwenzake huku wamevimba mashavu, hapo ni kuwakumbatisha. Neno hilo silioni likiandikwa mara nyingi, na ni hasara, kwa sababu kitendo chenyewe kipo kila nyumba yenye watoto wawili.

Sasa wakati. Kumbatiana ni kama kukaa, kulala na kusimama: kitendo kikishatimia kinageuka kuwa hali. Kwa hiyo "nilifungua mlango nikakuta wanakumbatiana" ni watu ambao mikono ndiyo kwanza inafunguka, na "nikakuta wamekumbatiana" ni watu ambao wameshashikana na huenda wako hivyo tangu mvua ilipoanza. Ya pili ndiyo unayoitaka mara nyingi. Mwandishi anayeng'ang'ania "-na-" hapo huwafanya wahusika wake waonekane kama wanafungua na kufunga mikono bila kukoma. Maelezo ya picha gazetini yana utaratibu wake wa "-ki-", "viongozi hao wakikumbatiana baada ya kutia saini", nao uachwe hivyo hivyo.

Kumbatio halipewi

Jina la kitendo lipo, kumbatio, wingi makumbatio, na kamusi zinalitambua. Tatizo ni kile watu wanachokifanya nalo. Maandishi yanayonifikia yamejaa watu wanaoombana kumbatio, wanaopeana kumbatio, wanaotumiana makumbatio makubwa kwenye barua. Mpe bibi yangu wa Pangani sentensi ya "naomba unipe kumbatio", atakuuliza linauzwa bei gani.

Kiswahili hapa kinataka kitenzi. Anayetaka kukumbatiwa husema "nikumbatie". Anayetaka kumkumbatia mwenzake husema "njoo nikukumbatie", au husema "njoo" tu, au "hebu njoo hapa", na mikono ikamalizia. Mama wa Kiswahili akimwona mwanawe analia hataji kukumbatia hata kidogo. Atasema "njoo, baba, njoo kwa mama", hata kama huyo "baba" ana miaka mitatu. Mtu mzima akimwona mwenzake kazidiwa atasema "njoo hapa, mwenzangu". Kwa waandishi wa mazungumzo hili ni jambo la kukariri: kitendo kikionekana kwenye picha, au kikielezwa na msimulizi, mhusika hana haja ya kukitangaza kwa mdomo.

Na ukubwa wa kumbatio? Usiandike "kumbatio kubwa". Kiswahili kinapima kwa namna kitendo kilivyofanywa: alimkumbatia kwa nguvu, alimkumbatia mpaka akamwinua, alimkumbatia mpaka akakosa pumzi, alimbana kifuani. "Kwa mikono miwili" lina kazi yake nyingine. Kumpokea mtu kwa mikono miwili ni kumkaribisha kwa moyo wote, hata kama hamkugusana, kwa hiyo ukiandika "alimkumbatia kwa mikono miwili" msomaji atasita kidogo. Atauliza, wa tatu autoe wapi?

Jina hilo kumbatio hufaa pale unapolizungumzia kama kitu kilichokwisha kutokea au mahali mtu alipo: "alijichomoa kwenye kumbatio la mamake", "kumbatio lake halikuwa na joto". Hapo liko nyumbani.

Vijana wa mjini wanalo la kwao, hagi. "Nipe hagi", "kanipa hagi la nguvu", na wengine wamelifanya kitenzi kabisa, "nikamhagi". Silifuti. Mhusika wa miaka kumi na tisa, wa chuo, anayeshuka kwenye bodaboda na simu mkononi, ana haki ya kusema hagi, na ukimlazimisha kusema "nikumbatie, rafiki yangu" utamgeuza mwalimu wa dini. Lakini usimtie neno hilo kinywani mzee wa Kwa Mtogole, Dar es Salaam, wala usiliweke kwenye masimulizi ya msimulizi asiyekuwa na jina.

Kumalizia ujumbe, huwa naona watu wanaandika "mabusu na makumbatio". Hiyo ni barua ya kigeni iliyovalishwa kanzu. Andika "nakukumbatia", au "nakukumbatia kwa mbali". Linatosha, na mwenye kulisoma anausikia mkono.

Pambaja

Pambaja nalo ni kukumbatia, na huko Kenya utalikuta sana kwenye insha za shule na hadithi: "alinipambaja", "walipambajana", na hata "akampiga pambaja". Wanafunzi wanalipenda kwa sababu linaonyesha mtu amesoma. Upande wetu wa bara Tanzania watu wengi watalielewa kwa kukisia tu. Mimi nalitumia kwa msimulizi, hasa msimulizi mwenye Kiswahili cha kujidai kidogo, au tamthilia ya mambo ya kale yenye masultani na majumba. Kwenye mazungumzo ya jikoni silitumii. Mama mkwe wa Tandika hampambaji mtu.

Ukilitumia, lipe nafasi lipumue. "Alimkumbatia na kumpambaja" ni kusema kitu kimoja mara mbili, na ni ugonjwa wa insha.

Mtoto ana maneno yake

Hapa ndipo Kiswahili kina mali, na hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoitupa.

Mtoto aliyekaa mapajani mwa mtu amepakatwa. Pakata linakupa kwa mpigo mmoja paja, mkono unaomzuia asianguke, na mtu mzima aliyekaa. Huwezi kumpakata mtoto umesimama. Kwa hiyo ukiandika "bibi alimkumbatia mjukuu wake kwenye daladala", nauliza: bibi kasimama au kakaa? Ukiandika "bibi kampakata mjukuu", nimeshaona kiti, nimeona miguu midogo inaning'inia, nimeona konda hatadai nauli ya pili. Neno hili ndilo lililozaa "kompyuta mpakato" kwetu, na Wakenya wakaunda "kipakatalishi", maana nayo hukaa mapajani. Hiyo tarakilishi imebahatika kupata neno zuri kuliko inavyostahili.

Mtoto wa mgongoni au wa kiunoni ameelekwa, na kitambaa kinachomshika ni mbeleko. Watu wengi siku hizi wanasema tu "kambeba mgongoni", na ni sawa. Lakini katika hadithi ya mama anayekimbia, mbeleko ni neno la kuokoa sentensi nzima: "akakaza mbeleko, akashika njia." Humo mna kumbatio, mikono ikiwa huru kubeba ndoo.

Halafu kuna mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Wodini, nesi hamwambii mama "mkumbatie mwanao". Anamwambia "mweke kifuani, ngozi kwa ngozi", kisha anaonyesha: mtoto kavuliwa, kabaki na nepi, kofia na soksi, kawekwa wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha kanga inafungwa kumzunguka mama na mtoto pamoja mpaka mama anaweza kuachia mikono. Njia hiyo, inayoitwa ya kangaruu, ilianzia Bogotá huko Colombia mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwapa joto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto akae hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Niliwahi kupewa tukio la namna hiyo kuandikia maneno, na maandishi yalisema kumbatia, kumbatia, kumbatia. Nikaweka "kifuani" kila mahali. Kifua ndicho kinachofanya kazi pale. Mikono inasaidia tu.

Na mtoto anayemshika mtu mwenyewe? Huyo hakumbatii, ananing'inia, anang'ang'ania. "Alining'ang'ania shingoni hataki niende kazini." Akizidisha, amekuganda kama ruba. Ng'ang'ania na ganda ni maneno yanayofaa hata kwa mtu mzima, lakini hapo yana lawama ndani yake. Mwanaume akielezwa kuwa "alimng'ang'ania" mwanamke, msomaji ameshaanza kumwogopea huyo mwanamke. Chagua kwa makusudi.

Vitu vidogo, na mtu aliye peke yake

Fumbata ni kumbatio la kiganja: unafumbata sarafu, unafumbata kifaranga, mtoto anafumbata kidole cha baba yake. Wazee walilitumia hata kwa mikono mizima, na mimi nalisikia ndani ya mfumbati, ule mti mrefu wa ubavuni mwa kitanda cha kamba; kitanda kina mifumbati miwili, vitakizo viwili na matendegu manne. Anayelala katikati amefumbatwa, ukipenda.

Mtu akiwa peke yake, "alijikumbatia" inaeleweka lakini ina baridi ya tafsiri. Mwulize huyo mtu ana nini. Ana baridi? Basi kajikunyata. Ana mawazo? Kashika tama. Anaogopa, amekaa sakafuni? Amekumbatia magoti, na hapo kumbatia limerudi kazini kwa heshima zake zote.

Aliyerudi kutoka mbali

Kwa mkutano wa watu waliopoteana, Kiswahili cha Biblia ya zamani (Union Version) kilituachia kumwangukia mtu shingoni. Katika Mwanzo 33 Esau anamkimbilia Yakobo kumlaki, anamkumbatia, anamwangukia shingoni, anambusu, na wote wawili wanalia. Vitendo vinakuja kimoja kimoja kwa mpangilio, na mwandishi yeyote angejifunza hapo namna ya kutokimbilia machozi. Katika Luka 15 baba wa mwana mpotevu anakwenda mbio, anamwangukia mwanawe shingoni na kumbusu, na neno kumbatia halitajwi. Halihitajiki. Shingo imeshatuambia kwamba uzito wa mtu mmoja umemlalia mwingine.

Nalitumia mara chache, kwa tukio ambalo watazamaji wamelisubiri kwa majuma. Ukilitumia kwa mtu aliyetoka sokoni utachekwa.

Pale ambapo neno sahihi si la kukumbatia

Hili ndilo gumu kuwaeleza wenye tamthilia. Mtu wao akishuka kwenye ndege anakumbatiwa. Wetu akishuka kwenye basi, nenda Mbezi Luis, Dar es Salaam, kwenye kituo cha Magufuli alfajiri ukatazame. Mama kashuka na kikapu na mfuko wa salfeti. Mwanawe, jitu zima lenye ndevu, anamwendea mbio, na kitu cha kwanza kinachonyooshwa ni mkono wa kupokea mzigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Pole na safari. Lete huo mfuko."

"Kuna mayai humo, taratibu."

Kama watakumbatiana, ni baada ya mzigo kutua, na mara nyingi ni mkono mmoja begani, mfuko ukiwa katikati yao. Neno la tukio hilo ni kumpokea. "Alikwenda kumpokea mama yake" limebeba safari, mzigo, pole na bega. Ukiandika "alikwenda kumkumbatia mama yake stendi", mama ameshashangaa.

Kwa wakwe, tahadhari. Katika jamii zetu nyingi mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe, sembuse kumkumbatia. Tamthilia inaonyesha mkwe anamrukia mama wa mkewe kwa furaha, watazamaji wa kwetu wanaguna. Siwezi kubadili picha, lakini naweza kuchagua maneno: nampa kijana "shikamoo mama" ya haraka ndani ya kumbatio lenyewe, na heshima inabaki na pa kusimama. Tamthilia za Kituruki zinanisaidia kwa kitu kimoja: vijana wao humbusu mzee mkono kisha wakauweka kwenye paji la uso, hasa sikukuu ya Idi, na mtu wa pwani aliyewahi kubusu mkono wa babu yake halihitaji hilo kuelezwa.

Na Idi yenyewe ndiyo siku wanaume wa kwetu wanakumbatiana hadharani bila haya, nje ya msikiti, bega hili kisha bega lile, "Idi mubaraka" ikipita sikioni. Hapo sema kukumbatiana kwa raha zako. Usichanganye tu na "mkono wa Idi", maana ukiutaja huo, mtoto atafungua kiganja akitafuta hela.

Msibani, neno ni kushika. Wanawake wanapokelewa kwa kilio mlangoni, wanaangukiana, wanashikana mabega, wanakaa mkekani wakiegemeana. Mfiwa akianza kwenda chini, hutasikia mtu anasema "mkumbatieni". Utasikia "Mshikeni! Mshikeni mama!" na mikono itatoka kila upande. Shika ni neno fupi na lina nguvu; linajua kwamba mtu anaweza kuanguka. Nikipata tukio la msiba naanza nalo hilo, hata kama maandishi yana lingine. Wanaokuja baadaye watampa mkono wa pole, na wengine watamshika mkono kwa maana ya rambirambi, yaani pesa. Soma muktadha.

Nje kidogo ya kwetu mambo hubadilika. Wanyarwanda na Warundi hukumbatiana katika salamu ya kawaida kabisa, mikono ikishika mabega au mikono ya juu ya mwenzake, na Wakongo wengi hugusanisha vichwa, upande huu, upande ule, kisha huu tena. Ukiandika kuhusu Bujumbura au Goma, usimfanye msalimiaji aonekane mwenye huba ya pekee. Anasalimia tu.

Mwaka 2020 ulituachia lugha yake pia. Mwanzoni mwa Machi, kabla hata mgonjwa wa kwanza wa korona hajatangazwa Tanzania, Rais Magufuli na Maalim Seif, mwanasiasa wa upinzani kutoka Zanzibar, walisalimiana Ikulu kwa kugusanisha miguu, na picha ikazunguka nchi nzima. Matangazo yakafuata: epuka kushikana mikono, kukumbatiana na kubusiana. Ukiandika hadithi ya kipindi hicho, utahitaji vitenzi vya mikono inayorudi nyuma: akanyoosha mkono akaukumbuka, wakapungiana, wakagonganisha viwiko.

Majukwaani

Nje ya hadithi, kumbatia lina maisha mengine, na humo lina sura mbili zinazogombana. Ya zamani zaidi masikioni mwangu ni ya lawama: kumkumbatia mwovu ni kumlinda. "Viongozi wanaowakumbatia wala rushwa", "acheni kukumbatia mila potofu". Anayekumbatiwa hapa anafichwa kifuani asionekane. Jirani yake ni kumkingia mtu kifua, na kumlea: "mmelea uovu".

Sura ya pili imekuja na semina: tukumbatie mabadiliko, tukumbatie teknolojia, tukumbatie kilimo cha kisasa. Imeshaenea na sitapigana nayo, lakini inagongana na ile ya kwanza. Soma kichwa cha habari "Mkurugenzi awakumbatia wachimbaji wadogo" uniambie kama mkurugenzi kawasaidia, kawaficha, au kawashika mabega mbele ya kamera. Kama ni msaada, andika kawasaidia au kawafungulia milango. Kama ni teknolojia, Kiswahili kina kupokea, kukubali, kuingia, kushika. "Wakulima wameshika kilimo cha umwagiliaji" inanipa jembe mkononi. Kumbatia liachie watu na maovu.

Kwenye mdomo

La mwisho ni kwa wanaoandika maneno ya kusemwa. "Nikumbatie" lina silabi tano, na midomo lazima ifunge kwenye "mba". Mwigizaji wa kwenye picha akiwa ametamka kitu kifupi, midomo wazi, neno lako halitakaa; mpe "njoo", midomo inajiviringa vizuri na mtazamaji hatagundua. Akitamka kirefu kwa sauti ya chini, "njoo nikukumbatie" huwa linaingia lote.

Kisha hesabu "ku" zako. Wengi huandika "nataka kukumbatia" wakidhani wamemwambia mpenzi wao. Wamesema wanataka kukumbatia, hawakusema nani. Huenda ni mto. Ya kumkumbatia wewe inahitaji "ku" ya kitenzi, "ku" ya wewe, na "ku" ya neno lenyewe: "nataka kukukumbatia". Ni sahihi kabisa kisarufi, na ni balaa kibandani. Dada mmoja mwenye sauti nzuri kuliko zote tulizonazo alirudia sentensi hiyo mpaka fundi mitambo akainamisha kichwa mezani kwa kicheko, maana kila alipopumua katikati, tulisikia kuku. Tukabadilisha ikawa "nataka nikukumbatie", "ku" ya mwanzo ikaondoka na kuku wake, na tukio likapita kwa mara moja.